Trekta Linalonizidi Umri kwa Miaka 25

Nimekuwa kimya kwa zaidi ya miezi miwili na wachache wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimelala chini ya trekta.

Sitanii. Mwezi wa nane nilitoa akiba yangu ya miaka mitatu, shilingi 430,000, nikanunua Massey Ferguson 135 la mwaka 1972 kule Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mimi nilizaliwa 1997. Kwa hiyo trekta hili lilikuwa limeshalima miaka 25 kabla mama hajaniweka mgongoni. Nimesomea sayansi ya kompyuta, kazi yangu ni kuandika programu, na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kufungua nati kubwa kuliko ya baiskeli.

Kwa nini basi? Ni hesabu ya mvua. Baba yangu, mwalimu mstaafu, ana ekari 14 karibu na Mutomo, kusini mwa Kitui. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei huja ikitaka. Na hata hiyo ya kutegemewa ni ya wiki chache tu, kwa hiyo anayechelewa kupanda analima vumbi. Msimu uliopita baba alingoja trekta la kukodi kwa siku 19. Lilipofika, ndengu za majirani zilikuwa zimechipuka na zetu zilikuwa bado kwenye gunia. Nikamwambia: "Baba, mwaka huu hatungoji mtu."

Nilidhani nitarudi hapa kuwaandikia kuhusu spana na grisi. Spana zipo, zinakuja. Lakini kila nati niliyofungua ilinipeleka kwenye historia, na historia hiyo inatuhusu sisi watu wa kompyuta kuliko nilivyotarajia.

Mafuta yanafika wapi?

Muuzaji aliliwasha mbele yangu likaunguruma vizuri. Kesho yake asubuhi, lori la kulibeba likiwa limeshafika, likakataa kuwaka. Stata inazunguka, injini haishiki. Nikafanya kile ambacho kila asiyejua hufanya: nikanunua betri mpya. Bado. Nikasafisha nyaya zote. Bado. Lori likaondoka, na arubuni yangu ikaondoka nalo.

Jioni nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, si mbali na barabara ya Mombasa. Alijifunzia kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge miaka ya 1970. Alikuja na mkoba mmoja wa turubai, akaniambia nizungushe stata, akatazama bomba la moshi.

"Kijana, moshi umeuona?"

"Hapana, mzee."

"Basi hiyo betri mpya ni ya nini? Dizeli haiombi cheche. Inaomba hewa, inaomba kubanwa, inaomba mafuta. Niambie mafuta yanafika wapi."

Sikuwa na jibu. Akanionyesha njia: tanki, pampu ndogo ya kuvuta, filta, pampu kubwa ya kusukuma kwa nguvu, halafu nozeli tatu. Hakuanza tankini wala hakuanza kwenye nozeli. Alianza katikati. Alilegeza skrubu juu ya filta, akapampu kwa kidole kile kijiti cha pampu ndogo, na badala ya dizeli safi yakatoka mapovu. Kwa hiyo tatizo liko kabla ya filta. Nusu ya pili ya njia tukaisahau kwa muda. Chuoni tulifundishwa mbinu hii kwa ubao mzima wa hesabu: gawa katikati, tupa nusu isiyohusika, gawa tena. Mzee huyu hajawahi kusikia jina lake kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, lakini aliitumia vizuri kuliko wengi niliosoma nao.

Hitilafu ilikuwa kiungo kati ya tanki na pampu ndogo. Wosha yake ilikuwa imechakaa. Upande ule wa njia mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo dizeli haikuvuja nje hata tone. Hewa ndiyo ilikuwa inaingia ndani, polepole, usiku kucha. Tukaweka wosha mpya, halafu tukatoa hewa hatua kwa hatua: kwenye filta, kwenye skrubu mbili za pampu kubwa, na mwisho kwenye mabomba ya nozeli, moja baada ya jingine. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka. Wosha mbili: shilingi 40. Betri niliyonunua bila kufikiri: sisemi.

Jambo lingine la siku ile: spana zangu. Nilikuja na seti mpya ya milimita, na karibu hakuna iliyoingia sawasawa. Trekta hili ni la inchi: nusu, 9/16, 3/4. Wale mliowahi kufungua faili la zamani mkakuta herufi zimegeuka alama za kuuliza mnajua ninachosema. Data ni nzima, ila unaisoma kwa kipimo kisicho chake. Ukilazimisha spana ya milimita 14 kwenye nati ya 9/16 inaingia kwa shida au inakula kona.

Namba ya toleo

Injini yenyewe ni Perkins AD3.152. Jina hili linasomeka kama namba ya toleo: silinda 3, ujazo wa inchi za ujazo 152, yaani karibu lita 2.5. Frank Perkins alianzisha kampuni yake Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, akilenga injini ndogo za dizeli zenye kasi wakati ambapo dizeli nyingi zilikuwa mitambo mizito ya mwendo wa pole. Mwaka 1959 Massey-Ferguson ikainunua kampuni hiyo. Trekta la 135 lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964 na kuendelea hadi 1975.

Bamba la trekta langu linasema lilitengenezwa Uingereza, maana yake Coventry, kiwanda cha Banner Lane. Kiwanda hicho kilitoa trekta lake la mwisho Desemba 2002. Nikajiuliza: mtengenezaji amefunga kiwanda miaka zaidi ya 20 iliyopita, spea nitazitoa wapi?

Nilizitoa Wote. Duka la kawaida, la saruji na misumari mbele, spea nyuma. Nilisema "filta ya dizeli, 135," na kijana wa duka hakuuliza swali. Alisema "CAV 296" akaiweka mezani. Gasketi, pete za pistoni, bushi, vyote vipo, na maboksi yameandikwa Pakistan, India, Uturuki.

Sababu yake ni mikataba ya leseni. Massey-Ferguson haikujenga kila trekta yenyewe. Iliruhusu wengine waunde kwa michoro yake. Yugoslavia ilianza mwaka 1955 kupitia kiwanda cha IMT. India ikafuata mwaka 1960 na kampuni ya TAFE kule Madras, ambayo leo ni Chennai. Pakistan mwaka 1964 na Millat kule Lahore. Millat waliendelea kutengeneza MF 240, ndugu mdogo wa 135, kwa injini ya ukoo uleule wa AD3.152. Kwa hiyo mkulima wa Punjab anayenunua trekta jipya ndiye anayeniwekea mimi spea sokoni hapa Makueni, bila yeye kunijua. Programu ikishanakiliwa kwenye mashine nyingi, kuzimwa kwa seva ya kwanza hakuiui. Ndivyo ilivyo kwa injini hii.

Programu ya chuma

Sasa nije kwenye sehemu iliyoninyima usingizi.

Baada ya kulifikisha Mutomo, kwa lori lingine, kupitia Ikutha, tulifunga plau ya diski mbili tukajaribu kona ya shamba. Balaa. Plau inaingia, halafu inaruka juu, inakwaruza udongo, inaanguka tena ghafla inazama. Mstari wetu wa kwanza ulikuwa kama maandishi ya mtoto wa nasari. Nilidhani pampu ya haidroliki imekufa. Kabla ya kununua kitu (nilishajifunza) nikakaa usiku na kitabu cha mwongozo kwenye simu, nikisoma mikono ile ya nyuma inafanya kazi vipi. Hapo ndipo nikakutana na Harry Ferguson.

Alizaliwa mwaka 1884 katika County Down, kaskazini mwa Ireland, mtoto wa mkulima aliyechukia kazi ya shamba. Alipenda mashine. Tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoijenga mwenyewe, na akawa mtu wa kwanza kuruka na ndege Ireland. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917, alipewa kazi na serikali ya kuzunguka mashamba ya Ireland kuangalia jinsi matrekta yanavyoweza kutumika vizuri zaidi, maana chakula kilikuwa haba. Alichokiona hakikumpendeza.

Matrekta ya wakati ule yalikuwa yanavuta plau kama ng'ombe anavyovuta: mnyororo au nondo, na plau inafuata nyuma kivyake. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ili magurudumu yasiteleze ilibidi trekta liwe zito sana, na uzito huo unakandamiza udongo uleule unaotaka kuulainisha. Pili, plau ikinasa kwenye mzizi au jiwe, magurudumu yanaendelea kuzunguka na trekta linainuka mbele na kumpindukia dereva. Fordson, trekta la Henry Ford lililoanza kutengenezwa 1917, lilikuwa na sifa hiyo mbaya.

Wazo la Ferguson na mhandisi wake Willie Sands lilikuwa kwamba trekta na plau viwe kitu kimoja. Plau ishikwe kwa viungo vitatu: viwili chini vya kuvuta, kimoja juu. Kile cha juu, mafundi wetu wanakiita toplinki, ndicho chenye akili. Plau ikiingia kwenye udongo mgumu inataka kubinukia mbele, kwa hiyo inasukuma toplinki kuelekea kwenye trekta. Toplinki inabana springi. Springi inasogeza valvu. Valvu inaruhusu mafuta ya haidroliki yanyanyue plau kidogo tu. Mzigo ukipungua, springi inarudi, plau inashuka. Hakuna dereva anayegusa kitu. Na msukumo huohuo wa toplinki unalizuia trekta lisiinuke mbele, huku uzito wa plau ukikandamiza magurudumu ya nyuma. Trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito.

Soma tena aya hiyo ukiwa mwandishi wa programu. Pima mzigo. Linganisha na kiwango kilichowekwa. Kama umezidi, nyanyua. Kama umepungua, shusha. Rudia. Huu ni mzunguko wa mrejesho, ule ule ulio kwenye friji yako na kwenye seva zinazojiongeza wateja wakizidi. Ferguson aliomba hataza yake Februari 1925 na kuipata 1926, wakati ambapo hakukuwa na kompyuta ya kielektroniki popote duniani. Kitambuzi chake ni springi, kumbukumbu yake ni mahali dereva alipoweka mkono wa kuendeshea, na matokeo yake yanatoka kwenye pampu iliyo chini ya kiti.

Nilipoelewa hivyo, hitilafu yetu ilijieleza yenyewe. Plau inayoruka juu na kuanguka ni mfumo ambao kitambuzi chake kinadanganya. Asubuhi nikashika kile kiungo cha nyuma ambako toplinki inafungwa, nikakisukuma na kukivuta kwa mkono. Kinacheza! Karibu milimita nne bila kugusa springi. Katika zile milimita nne trekta lilikuwa halijui chochote kuhusu udongo. Likishtuka, limeshachelewa, na linarekebisha kupita kiasi. Nikampigia fundi wa Kibwezi. Akacheka: "Springi isicheze mbele, isicheze nyuma. Ila uweze kuizungusha kwa vidole." Tukafungua, tukasafisha uzi wa skrubu uliojaa kutu, tukakaza mpaka mchezo ukaisha, tukafunga. Hatukununua chochote. Jaribio la pili, mstari ulinyooka.

Hataza, mahakama na kiwango

Msije mkadhani Ferguson alikuwa mtu wa kugawa vitu bure. Aliilinda hataza yake kwa meno. Mwaka 1936 alitoa trekta lake la kwanza la kuuza akishirikiana na David Brown wa Huddersfield. Oktoba 1938 alikwenda Marekani akamwonyesha Henry Ford, na wazee hao wawili wakakubaliana kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Trekta la Ford lenye mfumo wa Ferguson lilitoka 1939, na hadi 1947 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 300,000. Kisha mjukuu wa Ford akaingia madarakani, akavunja mapatano, lakini Ford wakaendelea kutumia mfumo uleule kwenye trekta lao jipya. Ferguson akashitaki Januari 1948 akidai dola milioni 251. Kesi ikaburuzwa hadi Aprili 1952, akapata milioni 9.25. Kufikia hapo baadhi ya hataza zake zilikuwa zimeshafikia mwisho.

Wakati huohuo, huko Coventry, trekta lake la kijivu, TE20, lilikuwa likitoka kiwandani kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000 kwa jumla. Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, ndipo likaja jina hili la Massey Ferguson lililo kwenye boneti yangu. Alifariki 1960.

Hataza zilipoisha, kila mtengenezaji akachukua viungo vitatu. Leo ni kiwango cha kimataifa, ISO 730, na ndiyo maana plau niliyoazimwa na jirani, iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta la kampuni nyingine kabisa, iliingia kwenye mikono ya 135 bila kuchomelea hata nondo moja. Mtu aliyetumia miaka minne mahakamani ili wengine wasitumie kazi yake ndiye kazi yake inatumiwa na kila mtu.

Linganisha na tunakokwenda. Matrekta makubwa ya sasa yana kompyuta nyingi ndani, na baadhi hayakubali spea mpya mpaka programu ya mtengenezaji iidhinishe. Agosti 2022, kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas, mtu anayejiita Sick Codes alionyesha alivyofungua kufuli la skrini ya trekta la John Deere, akacheza mchezo wa Doom juu yake. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine yake mwenyewe, ikaanza kutumika 1 Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki John Deere kuhusu jambo hilohilo.

Sisemi programu ni mbaya, ndiyo inayonilisha. Hata hapa Kenya kuna mfano mzuri: Hello Tractor, iliyoanzishwa 2014, inafunga kifaa kidogo kwenye trekta na kuwaunganisha wenye matrekta na wakulima wanaotafuta kukodi. Kifaa hicho kinalisaidia trekta, hakilifungi. Ninachouliza ni swali la yule mzee wa Kibwezi: likikataa kuwaka siku tatu kabla ya mvua, na mwenye programu yuko bara jingine, mafuta yanafika wapi, na nani anaruhusiwa kutazama?

Susu akataa

Mpango wangu ulikuwa na sehemu ya pili. Bibi yangu mzaa mama, susu kama tunavyosema Kikamba, anaishi Kathonzweni, ng'ambo ya Mto Athi upande wa Makueni. Ana ekari tano, zote zimekatwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, ngazi kwa ngazi. Nilitaka nikimaliza kwa baba nivushe trekta nimlimie na yeye. Nilimwendea nikiwa na furaha.

"Hilo lako lina uzito gani?" akauliza.

"Kama tani moja na nusu hivi, susu."

"Na linageukia wapi?"

Nikatazama. Ngazi zake zina upana wa hatua tisa au kumi. Ng'ombe wawili wanageuka papo hapo mwisho wa mstari. Trekta na plau yake ingebidi lipande juu ya tuta, kila mstari, kila upande.

"Unajua nani alichimba hii?" Nilijua, lakini nilikuwa sijawahi kufikiri maana yake.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu ardhi ya Ukambani iliyoonyesha nchi inayokufa: makorongo, vilima vitupu. Serikali iliamua kosa ni la mifugo. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Watu maelfu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana. Unyang'anyi ukasimamishwa, ila Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Wale mnaonunua simu kwenye mtaa wa Muindi Mbingu pale Nairobi, ndiye huyo.

Baada ya vita, serikali ikarudi kwa njia nyingine. Vichaka vya Makueni vilivyokuwa vimejaa mbung'o vikafyekwa na familia kutoka sehemu zilizobanana za Machakos zikahamishiwa huko kwa masharti makali, na matuta yakachimbwa kwa amri. Susu alifika Makueni akiwa msichana mdogo, na anakumbuka mama yake akienda kuchimba asubuhi akirudi jioni bila malipo.

Lakini hadithi haikuishia kwenye amri. Watu waliona kwamba tuta moja linafanya kazi kuliko mengine: lile la kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ambalo lenyewe linageuka ngazi kadiri mvua zinavyopita. Wakaendelea nalo kwa hiari, kwa vikundi vya mwethya, kazi ya pamoja ya zamu, leo kwako kesho kwangu, wengi wao wanawake. Jina la tuta hilo ni fanya juu, na ukifungua vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza utalikuta hivyohivyo kwa Kiswahili. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliifuatilia Machakos ya wakati ule, pamoja na Makueni ambayo ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1992, na kitabu chao cha 1994 kilishangaza wengi: watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 miaka ya mwanzo ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Yote hayo kwa jembe, sururu na plau ya ng'ombe. Mashine kubwa zilijaribiwa kwingine. Mwaka 1947 Uingereza ilipeleka matrekta Kongwa, Tanganyika, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, ili ilime karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali, mizizi ikavunja vyuma, na Januari 1951 mradi ukatupwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Hawakuwa na uhaba wa injini. Walikosa kuuliza udongo.

"Tuta likibomoka," susu alisema, "mvua moja inatosha."

Sikubishana naye.

Hali ilivyo sasa

Tulilima ekari 14 za Mutomo kwa siku tano, mimi na baba tukipokezana. Ardhi ya huko ni tambarare, hakuna tuta la kuvunja zaidi ya makinga maji mawili ambayo tuliyazunguka. Siku ya tatu bomba la radieta lilipasuka; tulilifunga kwa mpira wa baiskeli tukaendelea mpaka jioni. Mvua ilikuja siku nne baada ya kupanda. Ndengu na kunde zimeota, mahindi ya Katumani yamefika magotini. Kama yatazaa ni shauri la Mungu na la Desemba.

Kwa susu nilipeleka trekta hata hivyo, na tela. Lilibeba samadi kutoka boma la jirani hadi juu ya shamba, safari saba, kazi ambayo angeifanya kwa punda kwa wiki mbili. Liliishia barabarani, kutoka pale samadi iliingia kwenye ngazi kwa toroli. Ng'ombe wake wawili walilima kama kawaida. Susu alilizunguka trekta mara moja, akagusa boneti, akaniuliza kama betri ni mpya. Nikasema ndiyo, mpya kabisa.

Bado linavuja mafuta kidogo kwenye sili ya nyuma ya injini. Ili kuibadilisha inabidi kulikata trekta vipande viwili katikati, na fundi amesema tuifanye Februari kukiwa kukavu. Nitawaletea habari. Na kama kuna msomaji mwenye 135 au ndugu zake, aniambie lake lina umri gani na hitilafu gani ilimsumbua kuipata.